Msalaba wa Luteni

Kila Jumamosi bibi anayefagia kanisa letu la Karema huvua ndala mlangoni na kuingia polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Upepo wa ziwa huingia naye. Huanza na msalaba wa mbao uliotundikwa ukutani. Zamani ulisimama kwenye kaburi la luteni wa hapa kijijini, aliyefia Uganda katika vita vya Kagera; wenzake waliuleta, yeye akabaki huko. Bibi huchovya vidole kwenye mawese na kuupaka taratibu ili mchwa wasiuguse, huku akinong'ona, "Shikamoo, afande," ingawa luteni kwa umri angemwita mama.

Mwaka wa tisini na nne, kuta zilipopakwa chokaa, alikataa msalaba uwekwe stoo. Aliufunga mgongoni kwa kitenge, akaketi nje akiyumbayumba kama anayebembeleza mtoto, macho ziwani.

"Kumbe luteni ni mwanao, bibi?" nilimuuliza.

"Wangu alikuwa askari wake tu. Hakikuletwa hata kijiti cha kaburi lake. Lakini alipo huyu, na wangu yupo nyuma yake."

Chokaa ilipokauka, alimwomba fundi autundike kushoto kidogo, abakize nafasi. Tangu hapo, akishaupaka msalaba, husogea kando na kuupapasa ukuta mtupu kwa kiganja kile kile, mpaka chokaa imeshika wekundu wa mawese. Hapo hasemi shikamoo. Husema, "Umeamkaje, baba?"