Dumuzi wa Mwalimu Methusela

Nianze kwa kukiri kwamba nilikuwa nimemnunia Mwalimu Methusela mwezi mzima. Mimi Batuli, mtunza stoo wa kituo chetu cha mafunzo ya wakaguzi wa nafaka hapa Kibaigwa, sijui kuficha moyo. Mtu akinidharau namwonyesha. Meza yangu ilikuwa imetoka kuhamishiwa kushoto kwa anayeingia getini, na asubuhi tatu mfululizo nilimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," naye akanipita kama amepita gunia. Nikasema haya, kumbe kustaafu kunakuja na maringo! Nikaacha kumsalimia.

Sasa mkuu wa kituo, ambaye hana habari na mambo ya watu, akatutuma sisi wawili twende Dodoma mjini kuchagua hadubini.

Aliyewahi kupita kituoni kwetu anajua habari ya Mwalimu na hadubini, maana kila darasa alilisimulia. Alikuwa kijana wa Kigogo wa upande wa Mtera, aliyekulia nyuma ya ng'ombe, na ndio kwanza ameajiriwa. Akapelekwa kozi Morogoro. Huko akainamishwa kwenye hadubini ya kutazamia kwa macho mawili, na chini yake akawekewa dumuzi, yule mdudu wa kahawia anayegeuza gunia la mahindi kuwa unga. Ilikuwa alasiri moja tu.

"Sikumwona kama picha," husema. "Nilimwona amesimama! Ana kifua, ana mgongo, kama ng'ombe zizini. Nikashusha sindano nikamgusa mguu, akauvuta."

Miaka thelathini na moja tangu siku hiyo amefundisha kwa lenzi ya mkononi iliyojaa mikwaruzo, na kwa kuchora ubaoni. Kila mwaka aliomba hadubini, kila mwaka akaambiwa mwakani. Akifuta ubao utamsikia, "Natamani nimwone tena kabla sijaondoka." Alikuwa anastaafu Juni, na fedha zilipatikana Machi. Za kununulia moja tu.

Kwenye basi nilikaa kulia kwake, dirishani, nikamgeuzia kisogo. Akanisemesha vizuri tu, akaniuliza habari za mama yangu kule Kondoa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo aliponichoma zaidi. Nilimjibu kwa mkato mpaka tukapita Ihumwa.

Mwenye duka alikuwa Abdulwahab, kijana mcheshi mwenye maneno kama mvua. Akatupangia hadubini tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ile ndefu ya shuleni, ya jicho moja. "Hii inakuza mara elfu," akatamba.

Mimi nikaona imekwisha, mara elfu, mnataka nini tena? Mwalimu akacheka. "Elfu ya nini, Batuli? Hii ni ya kutazama tone la damu. Ukiweka dumuzi utaona ukucha wake, yeye mwenyewe humwoni. Na angalia, lenzi inakaribia kugusa kioo. Mwanafunzi atapitisha wapi mkono na sindano?"

Ya pili ilikuwa ya skrini, inatazama kwa kamera na kuonyesha mdudu kama kwenye runinga. Ya tatu ilikuwa ile yake, ya macho mawili, fupi na pana, taa yake inamulika kwa juu, na chini pana nafasi ya viganja viwili. Mwalimu akaishika shingo, akaipapasa polepole. Wallahi, na kinyongo changu chote, nilimfurahia.

Akatoa kibiriti mfukoni. Ndani yake alikuwa na dumuzi wawili watatu wazima, na wadudu wa aina nyingine, wadogo wanaofanana nao, hao wanaowachanganya wakaguzi wapya. Akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati. Hili ndilo jaribio lake la siku zote: mguse mguu bila kumuumiza, ukiweza basi chombo ni kizuri.

Akainama. Akarekebisha hapa, akarekebisha pale. Akashusha sindano, ikagonga kioo pembeni ya mdudu. Akashusha tena, ikaishia hewani. Mara ya tatu ikapita upande wa pili.

Mimi na mdomo wangu nikasema, "Eh, Mwalimu, mkono umeshastaafu kabla ya mwenyewe?"

Abdulwahab akacheka. Mwalimu hakucheka. Akanipa sindano, nami nikainama. Jamani! Mdudu yule alikuwa amesimama pale, mnene, nywele zimemjaa kisogoni, ningeweza kumzunguka. Nikashusha sindano, nikamgusa mguu, akauvuta. Mara ya kwanza tu, mimi wa stoo.

"Mbona ni rahisi!" nikasema.

"Najua ni rahisi," akanijibu taratibu. "Batuli, jicho la kushoto halipo."

"Halipo vipi?"

"Usoni lipo. Kuona halioni."

Alipokuwa mtoto aliugua vikope, kope zinageukia ndani zinakwaruza jicho, na mama yake alikuwa akizing'oa moja moja kwa kibano. Makovu yakabaki. Mvua za mwaka juzi jicho likafunga kabisa, na hospitali wakamwambia amechelewa. Hakumwambia mtu kazini, asije akaondolewa darasani kabla hadubini haijafika. Alidhani labda kwa chombo kizuri atamwona vile vile. Kumbe kile kinachomfanya mdudu asimame ni macho mawili kusaidiana, na yeye amebaki na moja.

Meza yangu iko kushoto! Mwezi mzima nimemnunia mtu ambaye hakuniona, na kwenye kelele za malori ya mahindi pale nje hata sauti yangu hakuitambua. Nilijichukia, tena sana.

"Chukua ya skrini basi," nikamwambia. "Hiyo utaona sawa na sisi wote. Umesubiri miaka yote hiyo, Mwalimu, nani atakulaumu?"

Abdulwahab naye akadakia, "Na darasa zima linaona kwa mpigo."

Mwalimu akaiwasha ile ya skrini, akaweka dumuzi na yule mdogo anayefanana naye, akasogea karibu. Akamwona. Uso ulimchangamka, akakaa pale muda mrefu kidogo, na mimi nikaomba kimoyomoyo asitoke. Kisha akaniita. "Dumuzi mgongo wake umekatika kwa nyuma. Yupi kati ya hawa?"

Nikakodoa macho. Nikaona vitu viwili vya kahawia, bapa. "Sijui," nikasema.

"Haya, tazama kwenye ile nyingine."

Nikatazama. Mmoja mgongo wake uliteremka mviringo. Wa mwingine ulikwenda sawa, halafu ukakatika wima kama nyuma ya lori. "Huyu!" nikapiga kelele. "Huyu ndiye dumuzi!"

Mwalimu akazima skrini. "Mwanafunzi wangu Anyesi akikosea hapo, mzigo mzima wenye dumuzi unaingia ghalani kwa watu. Tufungie hii ya macho mawili," akamwambia Abdulwahab. Mimi nilikuwa nalia, nikajifanya naangalia vumbi barabarani.

Jumatatu tuliiweka mezani. Anyesi, msichana aliyekuwa akipembua mahindi sokoni kabla ya kujiunga na kituo, ndiye aliyetangulia. Akainama, akatoa mguno, akakataa kuondoka. Wenzake wakamvuta gauni.

"Mwalimu, njoo umwone mwenyewe!"

"Nimeshamwona," akasema. "Jicho langu moja halifanyi kazi, Anyesi. Nieleze wewe. Mgongo unaishaje?"

Anyesi akamshika Mwalimu mkono, akamwekea kidole juu ya meza, akakikokota taratibu.

"Unakwenda hivi, Mwalimu. Una vishimo vishimo, lakini unakwenda sawa. Sawa. Bado sawa." Kidole kikafika ukingoni mwa meza. "Halafu hapa." Akakiteremsha.

Mwalimu akarudisha kidole mwenyewe mwanzo wa meza. Akakikokota tena mpaka ukingoni, akakiteremsha, mara ya pili, mara ya tatu, jicho zima na jicho bovu yote yamefumbwa.

"Ndiye," akasema. "Ndiye yule yule."

Nilikuwa nimesimama kulia kwake, ninaposimama siku hizi. Akageuka, akaniona, nami nikamwamkia mbele ya darasa lote, ingawa saa zilikuwa zimeshakwenda na asubuhi tulikuwa tumeshasalimiana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Batuli," akanijibu.