Chai ya Kusimama

Rafiki yangu, wewe nakuamini, ndiyo maana nakuambia kabla ya ndugu zangu: kuna kitabu kilinifanya nishindwe kumwombea marehemu babangu.

Kitabu kinene kama tofali. Alinipa mama mmoja Mkenya tunayepakana naye meza sokoni hapa Mbale. Yeye anauza mitumba, mimi vitenge. Ni hadithi ya upelelezi, zama za wanajeshi, na mji ni Jinja kwetu. Mwanzoni mwandishi kasema mengine yalitokea kweli, mengine kayabuni. Yapi ni yapi, hasemi. Hapo hapo nikamtilia shaka. Mimi kusoma nimejifunza ukubwani, masomo ya jioni Nabuyonga, na shehe wetu wa darasa la akina mama ametuzoesha: ukiletewa habari, uliza kaipokea kwa nani. Sasa huyu bwana kapokea kwa nani?

Huyo jirani yangu wa meza akanicheka. "We mama, hiyo ni riwaya! Ama unataka mwandishi alete mashahidi?"

"Awalete," nikamjibu.

Nikaendelea kusoma, mteja akija naweka kidole kati. Katikati ya kitabu akatokea dereva anayepeleka mkate kambini. Anashusha mikate, halafu anawanong'oneza wanajeshi majina ya majirani. Watu wanachukuliwa, hawarudi. Na huyo dereva, kaandika, hakai akinywa chai. Anakunywa amesimama, karibu na mlango.

Nikafunga kitabu. Babangu alikuwa dereva wa mkate Jinja, na mkate wao ulikwenda kambini. Na mpaka anakufa sijawahi kumwona amekaa na kikombe.

Basi nikaanza kushuku kila kitu. Ile sukari mama anasema haikukosa kwetu, ilitoka wapi? Kile Kiswahili cha baba cha kijeshi, cha "ndiyo afande", alikizoea vipi? Nikiswali, nikifika mahali pa kumtaja, ulimi unakataa. Nimwombee rehema mtu aliyeuza wenzake?

Nikaenda Jinja kwa mama. Nikamkuta anachagua mchele, nikamsomea ukurasa ule. Hakuinua kichwa.

"Huyo aliyeandika alikuwepo?"

"Sijui, mama."

"Mimi nilikuwepo. Babako alikunywa chai wima, kweli. Na jirani pia. Na imamu pia. Mtaa mzima! Wanajeshi wakigonga mbele, unatokea nyuma. Nani angekaa?" Akatupa kijiwe. "Waliouza watu, mwanangu, hao ndio walikaa. Na miguu wakanyoosha."

"Na sukari?"

"Ya kambini, walimpa. Unadhani angekataa?"

"Na kule kambini, hakutaja mtu?"

Hapo akaweka mchele pembeni.

"Kambini sikuingia. Nisichokiona siapi. Ila niliona siku walipomjia yeye mwenyewe. Alitokea kwa mlango ule wa nyuma, kikombe kikabaki kinatoa moshi. Hilo naapa, wallahi."

Angeapa yote, ningemshuku hata yeye. Magharibi nikaswali pembeni yake, na nilipofika mahali pake, jina la babangu likatoka.

Mwandishi hakudanganya kuhusu chai. Ila woga wa mtaa mzima kamvisha mtu mmoja, tena mbaya.

Ukipata mtu aliyesoma kitabu kile, nakuomba umsimulie haya. Lakini usimwambie umeyasoma mahali. Mwambie umepokea kwa binti wa dereva wa mkate, naye kapokea kwa mama yake, aliyekuwepo.