Niliamini mama akifanya kazi kwenye chumba cha baridi, maziwa yake yanapoa

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Dubai. Chumvi nitaweka kidogo, ila nyama ni ya kweli.

Mwaka 2014 niliamini kwa moyo wote kwamba mama akishinda kwenye baridi, maziwa yanapoa kifuani, na mtoto akiyanyonya hakui.

Msicheke. Form four nimeisoma jioni mpaka cheti, na Biology nilifaulu!

Wife alikuwa anafungasha mboga kwenye chumba cha baridi cha ghala moja, Al Qusais. Baridi ya mle hata samaki aliyekufa anatetemeka. Likizo ya uzazi ilipoisha, akarudi kazini. Mimi wa shift ya usiku nikawa nabaki na mwanetu Hamisi mchana, nampa maziwa aliyoachiwa na mama yake, na maji kidogo akilia.

Uzito wa Hamisi ukagoma kupanda.

Rashidi, tuliyeshare naye flat, akatoa utaalamu: "Kaka, maziwa yamepoa hayo. Mkeo aote jua kwanza."

Yalla! Wife akirudi tu, namkalisha balcony. Jua la Agosti, wakuu, unakaanga chapati bila jiko. Mtoto ndani analia, mimi namtuliza kwa maji ya uvuguvugu. Mama akiingia, dogo tumbo limejaa, ananyonya kidogo, analala.

Wife akafoka: "Baba Hamisi, mtoto ananililia mimi, halilii jua!"

"Vumilia mama, tunapasha."

Kliniki iliyofuata, uzito umeshuka. Wife akalia njia nzima. Akasema khalas, imetosha, Hamisi apelekwe Tanga, akalelewe na bibi yake. Hapo utani ukaniisha.

Nikamrudia nesi wa pale kliniki, dada wa Kikenya, nikammwagia sayansi yangu yote, kifua mbele. Alichojibu tulikifuata siku hiyo hiyo. Hamisi akanona, mashavu yanatangulia mlangoni, yeye anafuata! Tanga alikwenda kusalimia tu, tukarudi naye.

Funzo: mambo ya mtoto muulize nesi, roommate muulize zamu ya kupika. Nanyi mlilishwa uongo gani? Shusheni hapa chini.

Yule dada alinijibu hivi:

"Baba Hamisi, kwani mama ni friji? Maziwa yanatoka na joto la mwili wake, hata akifanya kazi kwa barafu. Mtoto hakui, juu unamjaza maji na unamchelewesha kunyonya. Wacha maji. Akitaka titi, apewe. Akinyonya zaidi, maziwa yanakuja zaidi."