Mtamba wa Nadhiri

Mimi si mtu wa kusoma sana. Nilipofika darasa la tatu nilitolewa shule nikakate majani ya ng'ombe, na ng'ombe ndio walionilea mimi na wanangu hapa Marangu. Basi asinifundishe mtu ng'ombe ni nini.

Miaka mitatu iliyopita mwanangu Gidioni, mpagazi wa watalii, aliteremshwa kutoka mlimani kwa machela, mapafu yamejaa maji, hasemi. Walipomkimbiza hospitali nilipiga magoti bandani, kwenye samadi, mbele ya mtamba wangu, nikasema kwa sauti: "Mungu, ukinirudishia huyu, mtamba huyu ni wako." Jirani yangu Yuditha alikuwa ng'ambo ya masale, ile mimea tuliyopanda mpakani. Akasikia.

Gidioni akapona. Mimi nikaanza kumfundisha Mungu subira. Nikasema, mtamba azae kwanza. Akazaa. Nikasema, ndama aache kunyonya kwanza. Akaacha, nikamuuza ndama, mama yake nikabaki naye. Siku ya mavuno mwaka jana nilipeleka kanisani mkungu wa ndizi za mchare uliobebwa na wanaume wawili kwa mti. Wamama wakapiga vigelegele, nami nikaketi benchi la mbele, shingo imesimama.

Nje Yuditha akanishika mkono. "Mama Gidioni, mkungu mzuri. Na Mungu anaona mtamba wake anavyonona."

"Wewe huna ng'ombe, ndiyo maana unachunga wa wenzio kwa macho!"

"Sina, kweli. Wala sijaahidi."

Nilimnunia mwaka mzima. Lakini kila niliposali, sikio langu lilikuwa bandani: anacheua au hacheui? Nikaona aibu. Si ya Yuditha, hiyo ningeimeza.

Mavuno ya mwaka huu nikamfunga mtamba kamba, nikamkokota mwenyewe hadi kanisani, wala sikumwambia mtu sababu. Baada ya ibada ukawa mnada wa sadaka, kama kawaida yetu: mayai, kuku, ndizi, mwisho ng'ombe. Sikungoja kuona. Nikarudi, nikafagia banda tupu.

Jioni nikasikia mlio ninaoujua. Gidioni anaingia, kamba mkononi, anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Mama, nimemnunua mimi! Nilikuona ulivyoondoka. Ningemwachaje aende kwa watu?"

Moyo wangu uliruka. Uliruka kabla sijafikiri neno. Ndipo nikajua kwamba kanisani nilipeleka ng'ombe tu, moyo niliuacha umefungwa bandani.

Nikamweleza Gidioni habari ya nadhiri. Akasema, "Lakini Mama, si Mungu ameshapata hela yake?"

"Nilimwomba hela? Nilimwomba wewe. Lete kamba."

Akanipa.

Asubuhi nikavuka masale. Yuditha alikuwa anasugua masufuria.

"Mshike. Ni wako. Na usiniulize."

"Mama Gidioni..."

"Nimesema usiniulize! Na mabua makavu hapendi, umkatie majani mabichi."

Akalia, mpumbavu yule. Mimi sikulia mbele yake.

Mchungaji anasema nadhiri nimeitimiza. Yeye haamki alfajiri akasikia maziwa yakigonga ndoo ng'ambo ya masale. Mimi nasikia, na mkono wangu unatafuta ndoo gizani kabla sijaamka sawasawa. Hapo ndipo ninaposali siku hizi, nimekaa kitandani: Mungu, ng'ombe umemchukua, sasa chukua na sikio hili.

Bado hajalichukua. Nami sinyamazi.