Gari Lililomzimikia Baba Peke Yake

Gari la baba yangu lilikuwa na tabia moja iliyowashinda mafundi wote.

Akiliendesha yeye, linazimika. Akiliendesha mtu mwingine yeyote, linakwenda bila shida.

Watu walisema mengi, na wengine wakasema wazi kwamba hapo pana mkono wa mtu. Mimi mambo hayo siyaamini, lakini kuna siku niliutazama ule usukani nikaogopa kidogo.

Mimi ni fundi magari. Mwanamke, ndiyo, na msiniulize kama kweli naweza kushusha injini, maana swali hilo nimelisikia mpaka basi.

Baba ndiye aliyenitia kwenye ufundi. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti na maturubai, harusini na misibani. Gari lake la mizigo, lile lenye mlango wa kuvuta ubavuni, lilikuwa limeshatembea kilomita laki sita na ushee. Alikuwa akiliita Ajuza.

Mama alishatutoka. Baba akabaki peke yake, anajipikia, anajifulia, na ukimwambia ahamie kwako anaanza kuongelea mvua.

Basi siku moja akaja gereji amenuna.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto, "Ajuza ananiletea nyodo. Nikitaka kuondoka anazima. Akikubali kuondoka anasitasita, halafu anaruka."

Sasa, gereji yetu ina desturi moja, na nadhani gereji zote ziko hivyo. Mteja akileta gari linalosumbua, fundi anachukua ufunguo na kushika usukani, mteja anakaa pembeni. Fundi anataka kulisikia gari kwa miguu yake mwenyewe.

Nikazunguka na Ajuza mitaa ya nyuma, baba yuko pembeni kakunja mikono. Halikuzimika. Lilikuwa zito kidogo kwenye mwinuko, basi. Nikafungua filta ya mafuta nikaikuta nyeusi tii, nikaweka mpya, nikamwambia mzee kazi imekwisha.

Wiki haijaisha, huyo karudi.

Safari hii nikapima msukumo wa mafuta, nikakuta pampu imechoka. Nikabadilisha. Akarudi. Nikatoa plagi, zimelika. Akarudi tena. Njia ya hewa nikaikuta imejaa masizi, nikaisugua mpaka ikang'aa. Mwenzangu wa umeme, ambaye tunamwita Waya, akachomeka kompyuta yake, akafuata nyaya moja moja, akakuta mmoja umechunika, akauziba.

Hiyo ndiyo shida ya gari lililotembea sana. Popote utakapofungua utakuta ubovu, na kila ubovu unaonekana ndio wenyewe. Unafunga boneti umeridhika kabisa, kumbe ugonjwa hujaugusa.

Na kila mara nikilijaribu mimi, linakwenda. Waya akilijaribu, linakwenda. Akilipokea baba, simu inaita kabla hajafika kwake.

Wakati tukihangaika, baba hakuwa mtu wa kukaa kwenye benchi. Alizunguka uani na kandambili zake, akachungulia boneti za watu, akatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Waya akamwambia, "Mzee, huyu Ajuza ana wivu. Kuna gari umelikonyeza barabarani."

Baba alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nilipenda sana kumwona akicheka vile.

Lakini kazi ilikuwa inamponyoka. Kuna msiba mmoja ambao Ajuza alizimika karibu kila kona, viti vikafika jeneza limeshatolewa nje na wazee wa watu wamesimama juani. Mkubwa wa familia ile akamfokea mbele ya kadamnasi. Habari zikasambaa, wateja wakaanza kuita wenye magari mapya.

Alipokuja kunisimulia hakunitazama usoni.

"Mama, kazi hii ndiyo inayonitoa kitandani," akasema. "Ukisikia nimeiacha, jua nimekwisha."

Niliumia. Nikamwahidi nitalitibu lile gari hata ikibidi nilivunje lote nilijenge upya.

Jirani yake naye akamshauri alipeleke kwa mtaalamu likafukizwe ubani. Baba, ambaye maisha yake yote aliwacheka watu wa mambo hayo, akaja kuniuliza ninaonaje. Hapo ndipo nilipojua amekata tamaa. Nilimjibu kwa ukali kwamba gari ni chuma na mafuta, hakuna jingine, lakini moyoni nami nilikuwa nimeishiwa.

Siku iliyofuata nikaungua mkono. Nilifungua rejeta ya gari la mteja kabla halijapoa, maji ya moto yakanirukia. Nikafungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, gia siwezi kushika.

Baba akaja na malalamiko yale yale. Waya hakuwepo. Nikamwambia leo aendeshe yeye, mimi nikae pembeni nisikilize.

Alifurahi sana. Nadhani alikuwa amengoja muda mrefu nione kwa macho yangu.

Tulipotoka tu getini, Ajuza akazimika.

"Umeona?" akasema, kwa ushindi.

Akawasha. Likanguruma vizuri kabisa. Likaondoka, likasita, likaruka, likazimika tena. Mimi nilikuwa nimetega sikio kwenye injini, na injini haikuwa na kosa lolote. Nikaishiwa pa kusikiliza, nikatazama chini kwenye pedali.

Mguu wake wa kushoto uliiachia klachi yote kwa mkupuo, kama mtu aliyeangusha mzigo.

Wa kulia ulikuwa ukikanyaga zulia, pembeni ya pedali ya mafuta. Unakanyaga kwa nguvu mahali pasipo na kitu. Kisha ukapapasa, ukaipata pedali, ukaigandamiza yote, na gari likaruka.

Na mguu huo ulikuwa peku.

"Baba," nikasema, "kandambili yako ya kulia iko wapi?"

"Si nimeivaa."

Nikamwomba asimamishe gari. Nilipogeuka niliiona kule nyuma, imelala getini, imemvuka mguuni wakati anapanda. Sijui ilikuwa imemvuka mara ngapi katika siku zile alizokuwa akizunguka uani kwetu.

Nikashuka, nikazunguka upande wake, nikafungua mlango na kuunyanyua mguu wake.

Katikati ya unyayo kulikuwa na skrubu. Imezama mpaka kichwani. Nyama ya pembeni ilikuwa nyeusi, na ile harufu niliyodhani ni ya zulia bovu ilikuwa inatoka pale. Skrubu za namna ile nazijua, tunafungia plastiki za chini ya dashibodi, na uani kwetu zimezagaa kila mahali.

"Nini hicho?" baba akauliza.

Aliuliza kwa udadisi tu. Hakuwa na maumivu yoyote. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Hospitali wakasema ni sukari, ya muda mrefu, na hakuwahi kupima. Ilikuwa imeua hisia za miguu yote miwili taratibu, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kumtazama nyayo. Yeye aliiamini miguu yake. Ilikuwa imemwendesha tangu ujana wake, kwa nini asiiamini? Ndiyo maana lawama zote zikaenda kwa gari.

Wakaukata mguu chini ya goti.

Nilipoingia wodini alikuwa anatazama dari. Akaniuliza, "Kwa hiyo Ajuza hakuwa na kosa?"

"Hakuwa na kosa, baba."

"Nimemtukana bure."

Akatabasamu kidogo, kisha akaanza kulia. Sikuweza kumbembeleza, maana na mimi nilikuwa nalia.

Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Baba hakutoka hospitali akiwa hai.

Siku ya mazishi ndugu walitaka kukodi gari la heshima. Nikakataa katakata. Tukaliingiza jeneza ndani ya Ajuza, nikaifungua ile bandeji, nikashika usukani mwenyewe.

Jamani, filta mpya, pampu mpya, plagi mpya, njia ya hewa safi. Lile gari halikuwahi kwenda vizuri kama siku ile. Njia nzima mimi nililiomba lizimike. Lizimike mara moja tu, tukae pembeni ya barabara mimi na baba, nipate muda kidogo zaidi naye. Likapanda kilima bila kusita, likatufikisha makaburini mapema.

Kwa hiyo nawaambia wenye wazazi. Mzee wako akikwambia gari linamsumbua, au jiko, au simu, au ngazi za nyumba, usimpokonye ukaanza kujaribu wewe, kwa sababu mikononi mwako kitafanya kazi na utadhani anadeka. Kaa pembeni, mwache aendeshe mwenyewe, na umtazame yeye.