Swali la Nyanya na Hesabu Niliyoiruka

Mwaka wangu wa kwanza wa kusomea uhandisi wa elektroniki nilikuwa na kiburi ambacho hadi leo kinanitia haya. Mtaani kwetu Kuze nilikuwa nimeshafufua redio, pasi na feni za nusu ya majirani, zote kwa jicho na kidole. Hesabu niliziona adhabu ya watu wasio na mikono. Mwalimu wetu, mtu wa bara aliyekaa Ganjoni, alinirudishia mtihani uliojaa wino mwekundu, akasema, "Kijana, umeme huuoni. Utauona kwa hesabu tu." Nilimcheka moyoni.

Ramadhani ile nyanya yangu alikuwa hatoki tena kitandani. Darsa za alasiri alizisikilizia kwenye kisanduku kidogo, nyumba nyingi za mtaani zinacho, kinachonasa sauti moja kwa moja kutoka msikitini. Wanawake huandika maswali kwenye vikaratasi yakapelekwa kwa shekhe, naye huyajibu bila kumtaja mtu. Swali la nyanya nililiandika mimi, kwa maneno yake. Aligombana na dada yake, dada akafa hawajasameheana. Amfanyie nini sasa?

Kabla swali halijafikiwa, adapta ya kisanduku ikaungua. Kisanduku chataka volti tano, nami nilikuwa na betri ya pikipiki ya volti kumi na mbili. Nikaweka rezista katikati ili izuie zilizozidi. Nilijaribu moja baada ya nyingine hadi sauti ikatoka safi, tena ya juu, maana masikio ya nyanya yalikuwa yamechoka. Hesabu sikupiga. Nyanya aliniombea dua ndefu, nami nikaipokea kama haki yangu.

Alasiri ile shekhe akasema, "Swali lifuatalo latoka kwa mama mmoja aliyefiwa na nduguye." Nyanya akanishika mkono. Shekhe akanyamaza, nadhani akilisoma tena. Kilikuwa kimya kirefu cha kwanza tangu nilipokiwasha kisanduku. Nikasikia mlio mdogo, kisha nikanusa harufu ya kuungua.

"Mbona shekhe amenyamaa?" nyanya akauliza.

"Darsa imekwisha, nyanya. Amesema atajibu kesho."

"Haya, mwanangu. Mungu akitujaalia."

Msikiti ulikuwa hatua chache tu. Ningekwenda nikamwuliza shekhe, nikarudi na jibu kabla ya futari. Lakini ningelazimika kueleza kwa nini hatukusikia, na mimi ndiye fundi wa mtaa. Nikajiambia nitatengeneza kwanza. Mficha uchi hazai, nami niliuficha siku mbili nzima. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, nyanya akafariki.

Baada ya maziko nilichukua penseli. Kisanduku kikipaza sauti huvuta umeme mwingi, na rezista huzuia volti saba kama nilivyotaka. Kikinyamaza huvuta kidogo, na rezista ileile haizuii hata volti moja. Karibu zote kumi na mbili ziliingia mahali pa tano. Ni kuzidisha umeme unaovutwa kwa ukinzani wa rezista, mara moja kwa sauti na mara moja kwa kimya, basi. Swali la namna hiyo lilikuwemo katika ule mtihani wangu, na nililiacha wazi.

Siku ya hitma nikamwendea shekhe. Alilikumbuka swali.

"Nilimjibu papo hapo," akasema. "Nilimwambia amuombee dua nduguye, amtolee sadaka, na asikate tamaa, maana mlango haujafungwa. Alisikia?"

Nikamwambia hakusikia, na kwamba kosa ni langu.

Siku hizi natunza mitambo ya umeme ya kreni kule bandarini Kilindini. Siwashi kitu kabla sijakipigia hesabu, na ya wakati wa kimya ndiyo huanza nayo. Wenzangu hunitania kwamba naogopa. Ni kweli, naogopa. Na kila alasiri ya Ramadhani namuombea dua yule dada mtu ambaye sikuwahi kumwona, kwa sababu aliyepaswa kuambiwa amuombee hakuambiwa.