Nusu ya Gari Nje ya Geti

Nilikula biskuti tatu. Gogo aliniambia robo, tena robo ya biskuti moja, akanionyesha kwa ukucha mahali pa kukatia, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia. Hapo ndipo nilipoharibu, na sina wa kumsingizia. Mimi mtu wa Tanga. Ukiniwekea chai mezani halafu ukanipimia kitafunio kwa ukucha, umenitukana. Nilimega ile robo, nikanywa chai, nikangoja mgongo wangu upoe. Mgongo ukabaki kuuma vilevile. Nikajisemea, huyu bibi wa watu ametia siagi tu. Nikaimaliza ya kwanza. Nikala ya pili kwa sababu chai ilikuwa bado ipo, na ya tatu kwa sababu ya pili ilikuwa tamu.

Gogo, yaani bibi kwa lugha za hapa, ndiye mwenye nyumba wetu. Ni nesi mstaafu, na nyumba yake iko Observatory, mtaa wa hapa Johannesburg, kwenye mteremko ambao ukiangusha chungwa utalikuta chini kwenye robot, hizi taa za barabarani. Tangu mahakama kubwa ya nchi hii iseme kwamba mtu mzima anaweza kuvuta au kula bangi yake kwake, Gogo amepanda miche miwili nyuma ya tangi la maji, pasipoonekana kutoka barabarani kama sheria inavyotaka, karibu na nyanya zake. Hauzi, maana kuuza bado ni kosa. Hugawa. Na mimi, fundi cherehani ninayekaa nimejikunja siku nzima nikishona sare za shule, nilikuwa namlilia mgongo kila asubuhi mpaka akachoka kunisikiliza, akanipa sahani ya biskuti.

Nilijua sheria, hilo ndilo la kuchekesha. Nilimaliza kidato cha nne na redio naisikiliza. Nilijua kwamba ndani ya nyumba mimi ni raia mwema na mdomo wangu umejaa bangi. Kilichonitoka akilini ni kwamba siku hiyo nilikuwa na safari.

Wanaonijua watacheka hapo kwenye safari. Mimi ni mtu wa ndani. Gari ninalo, nililinunua kwa ajili ya kupeleka sare, lakini siku nyingi linalala uani chini ya kifuniko nilichokishona mwenyewe, chenye mishono mizuri kuliko gari lenyewe. Soweto nimekwenda mara chache. Diepsloot naisikia kwa wateja. Jiji hili nalijua zaidi kwa kelele zake kuliko kwa njia zake.

Lakini jirani yangu wa ukuta, mama mmoja wa Lubumbashi, msusi, alikuwa amenichagua. Mama yake mzazi alikuwa anakuja. Walikuwa hawajaonana tangu huyu jirani aondoke kwao akiwa msichana. Mama mtu mzima, hajawahi kupanda ndege, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, na ndege yake ingetua adhuhuri. Kwa desturi yao mama kama huyo hapokelewi na gari la kukodi kama mzigo. Lazima awepo baba mmoja wa makamo, amevaa vizuri, wa kumshika mkono na kumwambia karibu, mtoto wako huku ana watu. Jirani hana mume hapa, wala kaka. Akaja kwangu wiki nzima kabla, akasimama mlangoni.

"Papa, miye sina mutu mwingine. Utavaa ile koti yako?"

Nikamwambia nitavaa koti. Nilijisikia mtu mkubwa, nisiseme uongo. Niliipiga pasi mara mbili.

Basi siku yenyewe ikafika. Nikafunua gari, nikakaa nyuma ya usukani ndani ya koti, na mgongo, nikagundua, hauumi kabisa. Nilifurahi. Jirani akaingia upande wa pili amevaa kitenge kipya, mapajani ameshika shada la maua ya plastiki, miguu haitulii.

"Twende, papa. Mama yangu akitoka pale mulango akikosa sura ya kujua, atalia."

Nikabonyeza kidude cha geti. Geti likaanza kufunguka, na hapo nikaona kwamba linafunguka polepole mno, tena kwa adabu, kama mtu anayevuta pazia kwenye nyumba ya wagonjwa. Nikalitazama. Nilikuwa nimeshaanza kulipenda lile geti.

"Papa."

"Naam."

"Limefunguka."

Nikasogeza gari. Pua ya gari ikapita geti, magurudumu ya mbele yakagusa barabara, na chini kule kwenye robot nikaona taa za buluu. Polisi walikuwa wameweka kizuizi, magari yamepangwa, dereva mmoja ameshushwa anatembezwa kwenye mstari mweupe. Nikakanyaga breki. Nikatazama mguu wangu pale kwenye breki, na niseme ukweli, ulikuwa kama mguu wa mtu mwingine ambaye amekubali kunisaidia.

Ndipo nikaelewa nimekula nini.

Sijawahi kubanwa vile. Mbele yangu mteremko, polisi na barabara ya watu wenye watoto. Nyuma yangu njia nyembamba kati ya ukuta na ukuta, ambayo hata siku nikiwa na akili zangu zote huwa naikwaruza. Pembeni yangu mwanamke mwenye maua ya plastiki. Na mimi katikati, kiwiliwili kwenye mstari wa geti: upande wa nyuma wa gari umo ndani ya haki zangu, upande wa mbele uko kwenye makosa ya jinai.

"Tunaenda ao hatuende?" jirani akauliza.

"Mgongo," nikasema.

"Mgongo unakuuma?"

"Hapana. Ndiyo. Betri."

"Betri gani, na moto wa gari unasikika?"

Nikasema labda tungoje polisi waondoke. Akanigeukia. "Si uko na lesensi? Gari si iko na karatasi? Unawaogopa nini?" Kisha akanisogelea, akanitazama macho, kama anavyotazama kichwa cha mteja mwenye mba. "Papa. Umekunywa?"

"Mimi? Pombe? Mimi Mwislamu!"

"Sikuuliza dini."

Nilitaka kusema uongo. Nilikuwa nao tayari kabisa, uongo wa homa, lakini kila nikianza sentensi nilikuwa nasahau ilikuwa inakwenda wapi. Nikamwambia kweli. Nikamwambia biskuti, nikamwambia tatu, nikamwambia na chai.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliangalia saa kwenye simu, akaangalia barabara, halafu akasema taratibu, "Miye nilimwambia mama kuna papa anakuja kukupokea. Nilimwambia ana koti." Akafungua mlango, akaupita ubavu wa gari kwa shida, akasimama barabarani akibonyeza simu kuita gari la kukodi. Gari likaja, kijana mgeni kabisa na muziki wake mkubwa, jirani akaketi nyuma na maua yake, wakateremka kuelekea kwenye robot. Sikuweza hata kumpungia.

Gogo akatoka na kanga yake ya jikoni kuona kwa nini geti liko wazi. Jiji hili huachi geti wazi. Akaja mpaka dirishani.

"Tanzania," ndivyo anavyoniita tangu siku ya kwanza nilipokuja kupanga, "nilikwambia robo."

"Gogo, nisaidie kurudisha gari ndani."

"Kwa macho haya? Niliacha kuendesha kabla hujaja. Na wewe usiliguse. Zima moto."

"Siendi popote, Gogo. Nimekaa tu."

"Kukaa kwenye kiti cha dereva, gari linawaka, uko barabarani na umelewa: kosa tayari. Hata usiposogea hatua moja. Zima!"

Nikazima haraka. Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote maana mteremko ule hauna huruma. Nikauliza, basi nitoke? Akasema nikitoka nikaliacha hapo, gari litakwenda na wezi wenye kazi yao, na vitu vya ndani ya nyumba yake vitafuata, geti si liko wazi. Hamna wa kusukuma kupanda mlima. Kuita mtu wa kulivuta, sikumjua mtu. Nimeshasema mimi ni mtu wa ndani.

Kwa hiyo nikahamia kiti cha nyuma. Hicho ndicho kilikuwa kifungo changu, na mlinzi wa kifungo alikuwa mimi. Jua likapanda. Koti likawa oveni, na sikulivua, kwa sababu kulivua kungekuwa kukubali. Nilikuwa namfikiria yule mama angani, halafu chini, halafu kwenye foleni ya mihuri akiulizwa maswali kwa lugha ambayo haijui, halafu mlangoni. Niliuona ule mlango waziwazi. Kila aliyetoka alikuwa na mtu wa kumkumbatia, na yeye alikuwa anaangalia makoti.

Gari la polisi likapanda mlima polepole, wamemaliza kizuizi chao. Likasimama mbele ya pua yangu. Polisi mmoja akateremsha kioo, akanitazama nilivyoketi nyuma peke yangu na koti langu, kama waziri.

"Baba, dereva yuko wapi?"

"Hata mimi namngoja," nikasema.

Ilikuwa kweli tupu.

"Mwambie aondoe pua barabarani."

"Akija tu."

"Sharp," akasema, yaani sawa, wakaenda zao. Jasho lililonitoka hapo lilitosha kuloweka sare za darasa zima.

Mchana ukawa unaelekea alasiri niliposikia ule muziki mkubwa tena. Jirani akashuka. Akamshusha mama yake kwa mikono miwili, mama mfupi mwenye kilemba kikubwa, macho mekundu. Maua ya plastiki sasa aliyabeba mama. Ili waingie uani ilibidi wapite mmoja mmoja kati ya gari langu na nguzo ya geti, na begi likakwama, wakalivuta. Nilijibana kama vile kujibana kwangu kungelipunguza gari. Mama alipofika usawa wa kioo changu, akainama.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Karibu sana Johannesburg."

"Asante, papa," akasema kwa upole. "Unaenda safari?"

Jirani alikuwa nyuma yake. Akalisukuma begi mbele.

Gari nililirudisha ndani jua likiwa linazama, akili zikiwa zimerudi na mgongo nao umerudi na maumivu yake yote, na hata hivyo nililikwaruza ukutani. Nikalivika kifuniko. Nikakaa chumbani bila kuwasha redio. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wanacheka, wakanyamaza, wakacheka tena, na mara moja nilisikia mtu analia, sikujua ni yupi.

Kisha mlango wangu ukagongwa. Jirani, ameshabadilisha nguo, ameshika sahani iliyofunikwa: bukari, ugali wao ule laini, na samaki aliyetoka naye mama huko mbali. Nikaanza maneno yangu ya kuomba radhi niliyoyapanga. Akaniwekea sahani mkononi nikiwa bado kwenye neno la kwanza.

"Mama yangu amesema nikuletee chakula na nikusalimie," akasema. "Chakula ni hiki, na salamu ni hiyo. Miye mwenyewe leo sina salamu yako."